UZI: Maandazi yanauzika, hela haionekani. Tupige hesabu ya mama mwenye biashara na familia

#1 Mizani_ya_Duka

Wakuu na akina dada, habari za saa hizi.

Kila wiki humu unapita uzi wa "mwanamke jitegemee" uliojaa maneno matamu bila namba hata moja. Huu ni wa namba. Nachukua biashara iliyopo kila mtaa: maandazi ya asubuhi, kilo 5 za unga kwa siku, mama ana mume na watoto, anapikia nyumbani. Bei ni za mfano, wewe weka za duka lako.

Hesabu ya kichwani huwa hivi. Unga kilo 5 kwa 2,000 ni 10,000. Mauzo 30,000. Basi "faida 20,000". Jioni pochi ina 6,000, na kesho unga unanunuliwa kwa hela ya mume. Hapo mama anaambiwa biashara yake ni mchezo wa kupotezea muda, naye anakosa la kujibu.

Sasa ya daftari, kwa kilo moja ya unga. Unga 2,000. Sukari gramu 150, shilingi 450. Hamira kijiko kimoja cha chakula, 300. Iliki na chumvi 150. Mafuta ya kuchanganyia mililita 50, shilingi 300. Mafuta yanayonywewa wakati wa kukaanga, kama mililita 150, shilingi 900. Moto 400. Karatasi na mifuko 100. Jumla 4,600.

Kilo moja ya unga ukiichanganya na maji ya kama mililita 550 na hivyo vingine, donge lina uzito wa karibu gramu 1,760. Ukikata vipande vya gramu 55 unapata 32. Mawili huishia nyumbani, 30 yanauzwa kwa 200. Mauzo 6,000, faida 1,400. Kwa kilo 5 ni 7,000 kwa siku. Zile 20,000 hazikuwahi kuwepo.

Haya, gramu tano. Kata donge la gramu 50 badala ya 55. Unapata 35, unauza 33, mauzo 6,600, faida 2,000. Kwa kilo 5 ni 10,000. Bei haijapanda, mteja hajaona tofauti, na 3,000 za kila siku zimetoka kwenye jicho lililokuwa linakata kwa kukadiria. Mizani ndogo ya jikoni inajilipa ndani ya wiki mbili.

Halafu yale mawili ya kila kilo yanayoliwa nyumbani. Kwa siku ni 10, na andazi la gramu 50 linagharimu kama 131, yaani 1,310 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 34,060 kwa mwezi. Hicho ni kifungua kinywa cha familia, na aliyekilipia ni biashara ya mama. Kisipoandikwa, hakuna atakayejua alichangia. Kiandikwe.

#2 Bibi_Kikaango

Nakazia hapo kwenye gramu, ila mafuta umeyapitia haraka, na huko ndiko hela inakotorokea.

Mililita 150 kwa kilo ni kwa mtu anayejua moto. Anayekaanga kwenye mafuta ya uvuguvugu anaweza kumaliza mara mbili ya hayo. Mafuta yanatakiwa yawe nyuzi 170 hadi 180. Kwa asiye na kipimajoto: tupia kipande cha donge cha ukubwa wa kunde. Kikikaa chini ya karai, bado. Kikipanda ndani ya sekunde chache huku kinatoa mapovu, anza. Kikiwa cheusi upesi, punguza moto.

Andazi linalokunywa mafuta lina sababu tatu. Moto mdogo ni ya kwanza. Ya pili ni kujaza karai: maandazi 15 ya baridi kwa pamoja yanashusha joto, nawe unadhani gesi imeisha. Ya tatu ni donge lililoumuka kupita kiasi, ambalo linakuwa kama sifongo. Joto la Dar halihitaji saa mbili, donge likikaribia ukubwa mara mbili linatosha. Hamira ukiizidisha ili liwahi, unaokoa nusu saa na unalipa kwenye mafuta.

Umesahau pia uchakavu. Karai, jiko, meza, mizani na ndoo zenye mifuniko, tuseme zimegharimu 180,000 na zitadumu miezi 18. Hiyo ni 10,000 kwa mwezi, au 385 kwa kila siku ya kazi. Ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu akope karai likitoboka.

#3 Mizani_ya_Duka

Bibi, sahihi kabisa. Uchakavu tuuweke kwenye ile 10,000.

Mgawanyo ninaoutetea ni huu: 7,000 ni mshahara wa mama, 2,000 ni ya biashara (uchakavu na mtaji), 1,000 ni ya dharura. Mshahara hauongezwi kwa sababu leo ni sikukuu, wala haupunguzwi kwa sababu mume amelipwa. Mama akihitaji zaidi, anaandika "mwenye duka amekopa 5,000" na anarudisha.

Kwa nini mshahara? Bila huo, kila shilingi kwenye ndoo ina majina matatu: unga, ada, na "mama naomba mia tano". Na mara zote unga ndio unaoshindwa, kwa sababu unga haulii.

Utekelezaji: kuwe na laini mbili, ya nyumbani na ya biashara. Laini ya biashara isajiliwe kwa kitambulisho cha NIDA cha mama mwenyewe, kwa alama zake za vidole. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, hela iliyomo kisheria inasomeka ni yake. Hata mkitaliki kwa amani au akifariki ghafla, utazungushwa. Lipa namba nayo ichukuliwe kwa jina la mama, wateja wa simu walipie huko tu. Aliyezoea kutuma kwenye namba ya kawaida umrekebishe kwa upole siku ya kwanza, maana baada ya mwezi atakuona unaringa.

#4 Baba_wa_Kota

Mimi nauliza tu bila ugomvi. Mnajua ule msemo, hela ya mume ni yetu, hela ya mke ni yake. Sasa mama akishajilipa mshahara, ada nani analipa? Au biashara inafanyika kwenye gesi ya nani, maji ya nani, na nyumba ya nani?

#5 Wakili_wa_Kijiweni

Baba wa Kota, swali lako lina sehemu mbili na zote ni za haki.

Kisheria, Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kifungu cha 58 kinasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mmojawapo. Kifungu cha 60: mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ikiwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa wana haki sawa. Kifungu cha 63 kinamwekea mume wajibu wa chakula, mavazi na makazi ya mke, na mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume asiyeweza kujitafutia kwa ugonjwa wa mwili au akili. Kwa hiyo huo msemo wa kijiweni umeikaribia sheria kuliko wanaoucheka wanavyodhani. Zanzibar sheria hii haifanyi kazi, huko Waislamu wanakwenda Mahakama ya Kadhi, na katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mali ya mke ni ya mke na matunzo ya nyumba yako kwa mume.

Lakini ndoa haiendeshwi kwa vifungu. Hoja yako ya gesi na maji ni ya kweli. Gesi inayotumika kwenye biashara iandikwe kama gharama ya biashara (mwenye uzi ameweka moto 400 kwa kilo), maji hivyohivyo. Kinyume chake, maandazi yanayoliwa nyumbani yaandikwe kama mchango wa biashara kwa nyumba. Mwisho wa mwezi mnapambanisha. Wengi watakuta nyumba ndiyo inayodaiwa.

Ada ni ya bajeti ya nyumba. Njia isiyoleta kelele ni kuchangia kwa uwiano wa kipato. Mume analipwa 600,000, mama mshahara wake 182,000 (7,000 kwa siku 26), jumla 782,000. Sehemu ya mama ni kama asilimia 23. Ada na kodi zikiwa 300,000, mama anatoa 69,000 na baba 231,000. Si sheria, ni mapatano, na yanavunjika pale mmoja anapoficha mapato. Mume anayeficha mshahara halafu anadai kuona daftari la maandazi, hapo sina ushauri wa kisheria.

Na sasa kwa nini daftari ni kubwa kuliko biashara. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wengi wanaishia hapo wakishangilia. Wasichosema ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa hiyo, kwa sababu ya hesabu ya pesa alizokwisha kupewa na mumewe na jinsi zilivyotumika. Kanuni ilishinda, yeye akatoka mikono mitupu.

Kwa hiyo tofali, mabati, ada, kila ulichonunua kwa hela ya biashara, risiti iwe na jina lako na ikae kwenye bahasha nje ya nyumba au ipigwe picha. Kiwanja kikinunuliwa kwa hela zenu wote, majina mawili kwenye mkataba wa mauziano tangu siku ya kwanza, mbele ya serikali ya mtaa. Kuongeza jina baadaye ni mazungumzo magumu, tena yanakuja wakati mbaya. Na nyumba ya familia, kifungu cha 59, mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa karatasi ya benki usaini jikoni huku mafuta yanachemka, zima jiko kwanza, soma.

#6 Baba_wa_Kota

Sawa mkuu, hiyo ya uwiano nimeielewa. Ile ya kuzima jiko nimeielewa pia.

#7 Hisa_Tano

Ngoja niingie kwenye mikopo, maana hapa ndipo akina mama wanapomalizwa.

Kausha damu, ile mikopo ya marejesho ya kila siku. Mfano unaozunguka sana: unapewa 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Afisa anakwambia "riba asilimia 30". Uongo wa nusu. Unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo huo mwezi hukuwa na 300,000. Kwa wastani mkononi mwako kulikuwa na kama 155,000 tu. Umelipa 90,000 kwa kutumia 155,000. Hiyo ni karibu asilimia 58 kwa mwezi mmoja. Ada ya fomu bado sijaiweka.

Ipeleke kwa mama wetu wa kilo 5. Faida yake ni 10,000 kwa siku za kazi 26, yaani 260,000. Marejesho 390,000. Pengo la 130,000 linatoka kwenye mtaji, na hapo hajala, hajalipa ada. Ndiyo maana siku ya kumi na tano anachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Mkopo wa siku 30 unaweza kufaa kwa mtu anayenunua mzigo leo na kuuza wote ndani ya siku tano kwa faida ya theluthi. Kwa maandazi haufai hata kidogo.

Alama za kukimbia: anataka kadi yako ya benki na namba ya siri, anataka picha za vyombo vya ndani, hana leseni ya Benki Kuu (BoT) ya kuonyesha. Mikopo ya simu nayo ichungwe, Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako inataka watu wa kuwatangazia deni lako.

Kikoba sasa. Hisa 2,000, mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kwa wiki, mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako. Mama akiweka hisa tano kila wiki (10,000 kutoka kwenye mshahara wake wa 42,000 kwa wiki), wiki ya 15 ana 150,000 na anaweza kukopa hadi 450,000. Akikopa 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi kwenye salio linalobaki, analipa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000. Jumla 30,000. Na hizo 30,000 zinarudi kwake na wenzake siku ya mgao.

Vikoba vinakufa kwa makosa yaleyale. Hela kukaa kwenye simu ya mweka hazina. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si viongozi, hela ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote. Kukopesha wasio wanachama kwa sababu "ni shemeji wa katibu". Kuruhusu mikopo mpaka wiki ya mwisho: mikopo yote irudi angalau wiki nne kabla ya kuvunja, la sivyo mtagawana madaftari. Na mfuko wa jamii (msiba, ugonjwa, uzazi) ukae kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku, usichanganywe na hisa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na mlango wa kuanzia ni halmashauri yenu.

#8 Shosti_wa_Magomeni

Na mchezo wa kupeana hela kwa zamu (upatu) je? Sisi huku ni mchezo tu, watu kumi, elfu kumi kila wiki.

#9 Hisa_Tano

Mchezo hauna ubaya ukijua kazi yake. Haukui, unakusanya tu. Wa kwanza amekopeshwa bure, wa kumi amewakopesha wenzake bure. Kwa hiyo utumie kwa kitu kimoja chenye bei inayojulikana, mfano oveni au friza, na omba zamu ya katikati. Ya kwanza inakupa hela kabla hujajua kama watu wanalipa, ya mwisho inakubebesha hatari yote. Majina na tarehe za zamu yaandikwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya wiki ya kwanza, kila mtu ajibu "nimekubali". Kupanga zamu kwa kura siku hiyohiyo ndiko kunakoleta maneno.

#10 Afisa_wa_Kata

Niongezee ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa 2023, ukarudishwa 2024. Anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, si kwa dalali wa fomu. Kikundi kiwe na katiba, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo wenye saini, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na biashara inayoonekana.

Kinachoharibika: wanawake watano wanajikusanya kwa ajili ya hela, ikiingia wanagawana, mmoja anahamia Mwanza na wanne wanabaki na deni la watano. Kama kila mtu ana biashara yake, sawa, lakini kikao cha marejesho kiwe cha kila wiki hata kama halmashauri inadai kwa mwezi. Na usipange mkopo huu kwa msimu. Ukiuomba kwa ajili ya Ramadhani unaweza kuupata Idi imeshapita. Upange kwa kifaa, ambacho kina faida mwezi wowote.

#11 Mama_Mtarajiwa

Wadau, hakuna aliyegusa uzazi. Aliyeajiriwa ana likizo. Mwenye karai je?

#12 Nesi_wa_Zamu

Aliyeajiriwa sheria ya kazi inampa siku 84 kwa malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Chukua hizo 84 kama kipimo chako: wiki 12. Mshahara wa 42,000 kwa wiki mara 12 ni 504,000. Ukianza kuweka mimba ikiwa na wiki 8 na kumaliza wiki ya 38, una wiki 30, yaani 16,800 kila wiki. Ni nyingi kwenye mshahara wa 42,000. Ndiyo maana hii nayo iingie kwenye bajeti ya nyumba kwa ule uwiano wa wakili, mtoto hakuja kwa mama peke yake. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wanapokea wachangiaji wa hiari waliojiajiri, lakini mafao ya uzazi yana sharti la michango ya miezi ya nyuma. Kuanza kuchangia ukiwa tayari una mimba, utakuwa umechelewa.

Njia nyingine ni biashara isifungwe. Msaidizi aanze mwezi wa sita wa mimba, wala asisubiri wa tisa. Vipimo vibandikwe ukutani kwa gramu, maana "sukari kiasi" haifundishiki. Wiki mbili apike huku unamtazama, wiki mbili apike peke yake ukipima tu idadi: kilo 5 zitoe maandazi 175. Yakitoka 160, ama donge ni kubwa ama kuna kapu la pembeni. Mlipe kwa siku, na tarajia faida ishuke. Ukimlipa 5,000 unabakiwa na 5,000, lakini wateja hawajahama.

Ukirudi: maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye jokofu. Dar na Tanga mchana joto linapita hapo, kwa hiyo jokofu au boksi la barafu, usihesabu zile saa nne. Mkamulio wa kwanza uwe kabla ya kuwasha jiko, mikono ikiwa safi na haina pilipili wala mafuta.

Na kamwe usikaange na mtoto mgongoni. Mafuta yanaruka mbele, mtoto anarusha mkono, na leso ya mgongoni inashika moto. Mtoto anayetambaa awe nyuma ya kizuizi, angalau mita mbili kutoka kwenye karai, na mpini wa sufuria uelekee ukutani. Akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, asali na unga wa ngano vibaki kabatini.

#13 Mwana_wa_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa, huku hayo tunayaita mahamri na tunayatia tui, kwa hivyo gharama yenu iongezeni nazi.

Upande wa sheria huku kwetu Kenya ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mchango wa ndani ya nyumba, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia vimetajwa wazi. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Kwa hivyo hilo daftari lenu la hesabu lina kazi hata ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga.

#14 Mlipa_Kodi

Mmesahau TRA, watu wa kodi. Huyu mama anauza 33,000 kwa siku, siku 26, ni 858,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 10,296,000. Wengi wanashtuka hapa, maana chini ya 4,000,000 hakuna kodi ya mapato nao walidhani wako huko. Walikuwa wanahesabu faida, kumbe jedwali la makadirio linaangalia mauzo.

Kwa jedwali lililoanza 2019, mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kinachozidi ni 3,296,000, asilimia 3 yake ni 98,880, jumla 188,880. Daftari limeokoa 61,120. Kabla ya kwenda, linganisha na jedwali la mwaka husika. Inalipwa kwa robo mwaka, kwa hiyo weka kama 4,000 kila wiki kwenye laini ya biashara, maana mgawanyo wa #3 haukuacha ya kodi. Na mauzo yakivuka milioni 11 unaingia kwenye mashine ya risiti za kielektroniki (EFD). Ukipanga kwenda kilo 6 kwa siku, jua umeshavuka.

#15 Shosti_wa_Magomeni

Duka tatu za jirani wanataka niwauzie kwa jumla, 150 kwa moja, mali kauli, walipe Jumamosi. Nichukue?

#16 Mizani_ya_Duka

Kwa 150, kilo inatoa 33 mara 150, ni 4,950. Toa 4,600, unabaki na 350 kwa kilo. Kwa kuongeza kilo 2 kwa ajili yao unaamka saa tisa badala ya saa kumi alfajiri kwa shilingi 700. Usichukue.

Kwa 170 ni 5,610, faida 1,010 kwa kilo. Hapo inazungumzika, kwa sababu duka linakuondolea kukaa na beseni barabarani mpaka saa tatu. Lakini mali kauli ya siku sita kwa kilo 2 ina maana 55,200 za gharama zako ziko kwenye maduka yao kabla hujaona hata mia. Waambie wa leo analipa ya jana, kila asubuhi ukipeleka mapya unachukua hela ya yaliyopita. Anayeshindwa siku mbili mfululizo hapelekewi ya tatu. Yaliyobaki hurudishiwi, muuzaji aagize anayoweza kuuza. Ukikubali kurudishiwa, yeye ataagiza 40 ili kabati lijae, na wewe utakula 15 yaliyolala.

#17 Shosti_wa_Magomeni

Asante kaka. Na hiyo mizani ninunue ipi? Kariakoo ziko za kila namna.

#18 Bibi_Kikaango

Ya kidijitali, inayopima kwa gramu 1 moja na kufika kilo 5, ya betri unazozipata duka lolote. Nenda na pakiti ya unga ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, iweke juu kabla ya kulipa. Inatakiwa isome 1,000 na kidogo cha karatasi. Iondoe, iweke tena mara tatu. Ikisoma 960, au ikibadilisha jibu kila mara, mrudishie. Na ukifika nyumbani usiiweke karibu na jiko.